Pima Nne Toka Mlango Huu

Mume wangu ana tabia ya kuja mchana. Waume wa wenzangu waliotangulia mbele ya haki huja usiku, tena kwa adabu, wakasema neno moja la maana kisha wakaenda zao. Wangu huja saa nane, jua likiwa limetulia juu ya bati, nami nimelaza shavu kwenye meza ya cherehani kwa dakika mbili tu, si zaidi. Hasemi kitu. Husimama uani akafungua mikono yote miwili, na mimi mjinga huinuka nikamwendea. Nikimfikia ananigeuzia ubavu, anasogea mbele, anafungua mikono tena. Namfuata, naye anasogea tena. Mwisho wake naamka na alama ya mkasi shavuni na hasira za mtu aliyepigwa chenga na marehemu.

Mwaka wa pili huo nilikuwa naota hivyo, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wifi yangu, dada yake ninayeishi naye, angesema kaka yake ananikimbia kwa sababu ya mdomo wangu. Na asingekuwa amekosea sana.

Basi wiki hiyo choo kikaanza kurudisha maji. Mwanzoni kilikuwa kinalalamika tu: ukimwaga ndoo, maji yanapanda, yanafikiri kidogo, halafu yanashuka shingo upande. Siku ya tatu yakapanda, yakakataa kushuka. Wifi akatoka ameinua gauni hadi magotini.

"Wifi, choo kimesusa."

"Umekifanya nini?" nilimuuliza.

"Nikifanye nini choo, mimi? Mwite fundi kabla hakijatuhamisha."

Fundi bomba wa mtaa wetu anaitwa Taratibu. Kati ya hodi yake ya kwanza na ya pili unaweza kuchemsha chai ukainywa. Lakini kazi yake hairudiwi, na ana kitu ambacho mafundi wengi hawana: anasikiliza. Alipiga magoti chooni, akaweka sikio kwenye sakafu, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka wifi akaninong'oneza kuuliza kama amelala. Kisha akachomoa waya wake mrefu wa kuzibulia, akausukuma ndani ya bomba kidogo kidogo, huku akihesabu alama za rangi alizoutia. Ukaenda, ukaenda, ukagoma.

"Mita kumi na moja," alisema. "Na pale mbele si uchafu, mama. Uchafu ni laini, hiki kinasukuma. Bomba limevunjika, kuna kitu kimeingia."

Akatoka nje, akaangalia nyumba kwa jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nyumba yetu haina siri. Choo kiko upande wa mbele, shimo la maji taka liko kona ya nyuma kabisa ya uwanja, na katikati yao kuna chumba changu cha kushonea. Taratibu akakokota mguu wake kutoka chooni kwa mstari ulionyooka, akapita ukumbini, akaingia chumbani kwangu, akasimama. Alikuwa amesimama mahali ninapoweka miguu yangu kila siku, mbele ya pedeli.

"Ni hapa, chini. Itabidi tuvunje."

Nikaitazama sakafu.

Sakafu hiyo ni ya sementi nyekundu. Mume wangu aliimwaga peke yake, akaisugua kwa jiwe juma zima akiwa amepiga magoti, akaipaka nta mpaka ukiinama unaona mashavu yako. Karibu na mlango alipiga goti kabla haijakauka vizuri, pakabaki kibonyeo kidogo, duara la goti lake. Wateja hujikwaa hapo. Wamenishauri mara nyingi nipazibe, nami huwaambia wainue miguu. Shati zake nimegawa, viatu vyake nimegawa, redio imekufa yenyewe. Hiyo sakafu ndiyo iliyobaki nzima katika vitu vya mikono yake.

Lakini maneno ya fundi yalinichoma mara mbili, na hiyo ya pili ni lazima niieleze.

Chumba hicho kilipokuwa kinajengwa, miaka kumi na tisa nyuma, nilimwekea mume wangu sharti moja tu. Nilimwambia: bomba la choo lisipite chini ya chumba changu. Nashona magauni ya harusi mimi, siwezi kukaa mchana kutwa juu ya uchafu wa watu na kitambaa cheupe mapajani. Yeye akasema bomba linataka njia fupi. Mimi nikasema na mimi nataka heshima. Tukagombana mpaka majirani wakazima redio zao ili wasikie vizuri. Nikafunga mzigo, nikaenda kwa mama yangu mwezi mzima.

Niliporudi, chumba kilikuwa kimekwisha, sakafu inang'aa, kabati la vitambaa limesimamishwa ukutani, na chini kila kitu kimefukiwa. Nikauliza kabla hata ya kutua mzigo: "Bomba umelipitisha wapi?"

Akacheka. "Pima mwenyewe."

Niliona ni ufedhuli. Mtu akikwambia pima mwenyewe, maana yake akili unayo, itumie, usimsumbue. Sikuuliza tena. Ila katika miaka hiyo yote, kila tulipokosana, hata kwa jambo la chumvi, nilimrushia: ungekuwa mtu wa ahadi nisingekuwa nimekalia kinyesi. Hakujibu hata siku moja. Alicheka tu.

Na siku ya mwisho, asubuhi ile kabla hajapelekwa hospitali asikorudi, mvua ilikuwa imenyesha na harufu imepanda uani. Nilikuwa na gauni la bibi harusi chini ya sindano. Alisimama mlangoni, amekonda, ananitazama. Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Unasikia? Ahadi yako inanuka hiyo." Akacheka kidogo, akafungua mikono. Nikasema, "Nina kazi." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mkono wa gauni lile niliushona vizuri sana.

Kwa hiyo fundi aliposema bomba liko chini ya miguu yangu, alikuwa anasema mawili: sakafu inakwenda, na mume wangu hakutimiza ahadi. Na nikajiona hovyo, maana nilitaka iwe kwamba nilimwonea bure. Bora mimi niwe mkosaji kuliko yeye.

"Hakuna njia nyingine?" nilimuuliza Taratibu.

"Labda kama kuna chemba mahali." Akanieleza kwamba chemba ni kile kisanduku cha sementi chenye mfuniko, fundi anachoacha njiani ili bomba likiziba pawe na pa kuingilia. "Lakini uani sijaiona. Na shimoni bomba linaingilia kwa chini, siwezi kujua limetokea upande gani. Tuhamishe vitu kwanza."

Tukahamisha. Cherehani, meza, marobota. Kabati la vitambaa lilitushinda, tukalitoa droo zote, tukalisukuma watatu, wifi akisimamia zaidi kuliko kusukuma. Lilikuwa halijatoka pale tangu siku liliposimamishwa. Nyuma yake, kando ya mlango wa uani, ukuta ulikuwa na rangi ya zamani, ile ya bahari niliyokuwa nimeisahau, na juu ya rangi hiyo, kwa penseli ya seremala, mwandiko wa mume wangu, herufi kubwa zinazoinamia mbele:

*Chemba. Pima nne toka mlango huu, elekea mpera.*

Kulikuwa na vumbi hewani, linashuka polepole kwenye mwanga wa dirisha, na kwa muda nilihisi kwamba ametoka kuandika sasa hivi na yuko nje ananawa mikono.

"Pima nne," alisema Taratibu. "Pima nne nini?"

"Mita," nilisema.

"Inaweza kuwa hatua."

"Au anasema upime mara nne," alisema wifi. "Mafundi si husema hivyo? Pima mara nne, kata mara moja. Kaka yangu kuandika alikuwa anakula maneno, huyo. Barua zake zote zilikuwa kama simu ya upepo."

Mpera uko kule kona ya pili, mbali na mstari wa Taratibu. Alitikisa kichwa, lakini akachimba. Mita nne kutoka mlangoni kuelekea mpera: udongo mwekundu, kipande cha sahani, basi. Hatua nne: udongo, kifuniko cha soda. Akajaribu hata futi nne, ambazo zilimwangusha karibu na kizingiti, tukachekana sote watatu bila furaha. Jioni uwanja wangu ulikuwa na mashimo matatu na kichwa changu hakina hata jibu moja.

"Mama, mimi sipingani na marehemu," alisema Taratibu akifunga jembe lake. "Lakini mpera uko huku na shimo liko kule. Hakuna fundi anayepeleka bomba kutembea. Kesho tunavunja."

*

Kesho yake alikuja na nyundo kubwa na tindo. Aliniomba chaki yangu, akapiga magoti, akachora mstari mweupe sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nimezoea kuchora mistari ya namna hiyo mimi mwenyewe, juu ya vitambaa vya watu, halafu naingiza mkasi bila huruma. Mstari wake ulipita vidole viwili tu kutoka kwenye duara la goti.

"Ngoja nile kwanza," alisema, kwa kuwa aliuona uso wangu. "Tindo halikimbii."

Akaenda kukaa kivulini chini ya mpera. Wifi akajinyoosha kwenye kiti chake ukumbini. Siku mbili tulikuwa hatujamwaga maji ndani, na nyumba ilikuwa kimya kwa namna ya ajabu, kama mtu anayezuia pumzi. Nilisikia bati likitanuka kwa joto, tik, tik. Nilisikia pera likianguka. Niliinamisha kichwa juu ya meza iliyokuwa imesogezwa pembeni, dakika mbili tu.

Akaja.

Safari hii alianzia mlangoni. Aliupa mgongo ukuta, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma mpaka ngumi ikagusa fremu, na wa kulia akaunyoosha mbele, kifua kikatanuka, vifungo vya shati vikavutana. Nikainuka kumwendea. Akasogea, akaileta ngumi ya kushoto pale ilipokuwa ya kulia, akafungua tena. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, sikumfuata. Nilikuwa nimechoka. Nilisimama tu nikamtazama, na kwa kuwa nilisimama, nikaona mdomo wake ukitembea. Alikuwa anahesabu.

Mbili. Akasogea. Tatu.

Tukawa si uani tena bali dukani, lile duka la vifaa alikokuwa ameajiriwa tulipojuana, harufu ya katani na rangi, kamba zimeviringishwa mpaka darini. Nilikwenda kununua kamba ya kuanikia nguo. Kamba siku hizo haikuuzwa kwa mita. Muuzaji alishika ncha kwa ngumi, akafungua mikono yake yote miwili hadi mwisho, na huo upana ndio uliouzwa, kutoka ngumi hadi ngumi. "Dada, nikupe pima ngapi?" aliniuliza. Nikamwambia nne. Akafungua mara nne, halafu akaongeza shibiri moja juu, ile ya kidole gumba hadi cha mwisho, akanitazama. Nilirudi kesho yake kulalamika kwamba kamba imezidi.

Niliamka nimesimama.

"Si amri!" nilipiga kelele. "Jamani, si amri! Ni kipimo!"

Wifi aliruka kitini. "Nini kimeungua?"

"Pima! Pima nne! Hakuniambia nipime, amesema ni pima nne, kama za kamba!"

Taratibu alikuja na mkate mdomoni, kwa mwendo ambao kwake ni mbio. Alisimama akatafuna, akafikiri, akameza. "Bibi yangu alikuwa anasema kisima chao kina pima kumi," alisema. "Sijalisikia neno hilo tangu azikwe."

"Ndiyo hiyo."

"Lakini pima ya nani, mama? Mikono inatofautiana. Yangu mimi mifupi."

Hapo nikacheka, nadhani kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kuniuliza mimi mikono ya yule mtu ilikuwa na urefu gani! Nikafungua droo ya madaftari. Daftari langu la kwanza la vipimo lina miaka zaidi ya ishirini, limefungwa kwa lastiki. Kila mteja ana jina lake, isipokuwa ukurasa mmoja ulioandikwa juu yake neno moja tu, *Huyu*. Bega, inchi kumi na saba. Mkono, ishirini na tatu.

"Mikono miwili, arobaini na sita. Na bega, sitini na tatu. Na ngumi mbili, weka inchi tatu kila moja, maana kamba inaishia ndani ya ngumi. Sitini na tisa. Mara nne." Niliandika kwa chaki mlangoni. "Futi ishirini na tatu kamili."

"Si nilisema?" alisema wifi.

"Ulisema nini?"

"Kwamba kaka yangu hakosei."

"Jana ulisema alikuwa anakula maneno."

"Kula ni kula, kukosea ni kukosea."

Tulivuta tepu kutoka mlangoni. Futi ya ishirini na tatu ilituangusha hatua tatu tu kabla ya mpera, kwenye kivuli pale pale alipokuwa ameketi Taratibu akila mkate wake. Akatema mate viganjani. Akachimba hadi kwenye kifundo cha mguu, hadi katikati ya muundi, hadi gotini. Udongo. Mizizi midogo. Udongo. Alisimama akaniangalia, na sikupenda huruma iliyokuwa machoni mwake. Nyuma yetu, kupitia mlango ulio wazi, mstari mweupe ulionekana kwenye sakafu nyekundu.

Nilifumba macho. Nikaona vidole vyake vikitanuka juu ya kamba, gumba hadi kidogo, na lile jicho la pembeni.

"Ongeza shibiri moja," nilisema.

"Mama..."

"Hakuwahi kumuuzia mtu bila nyongeza. Ongeza shibiri, huko mbele."

Taratibu akasogeza jembe kiasi cha kiganja kilichotanuka. Akapiga. Lililia *ko*, sauti ya sementi iliyo tupu ndani.

*

Mfuniko ulipoinuliwa, chemba ilikuwa kavu, na kwenye mdomo wa bomba linalotoka nyumbani zilining'inia ndevu za mizizi, laini, nyingi, zinadondosha tone moja moja. Mpera, ambao siku ile ya penseli ulikuwa mche wa kufika kiunoni, ulikuwa umelikuta bomba, ukalibana mpaka likapasuka, ukaingia kunywa. Taratibu alikuwa na furaha ya daktari aliyeuona ugonjwa. Akaanza kulifukua bomba kutoka pale kurudi nyuma, aone limeharibika hadi wapi.

Halafu akaacha kuchimba. Akakwaruza udongo kwa mkono.

"Hapa pana kona."

Akaendelea kidogo, akachoma chuma ardhini hapa, akachoma pale, akisikiliza kila mara. Alifuata ukuta wa nje wa chumba changu, upande wote, akageukia kule mbele chooni, akarudi polepole akipangusa jasho.

"Mama, huyu mtu alizunguka. Halikupita ndani kabisa. Limetoka chooni, likakata kona, likafuata ukuta kwa nje mpaka mwisho wa chumba, likakata kona nyingine, ndiyo likaja huku kwenye mpera na kwenda shimoni." Alikuwa karibu kukasirika, kwa niaba ya kazi. "Kwa mstari, bomba nne zinatosha. Hapa zimekwenda saba. Na mteremko wa kuzungukia hivi aliupata wapi? Lazima alichimba juma zima, peke yake. Mtu hapindishi bomba la choo bila sababu. Kila kona ni mahali pa kuziba."

"Sababu alikuwa nayo," nilisema.

Nikaketi kwenye udongo uliochimbuliwa, na gauni langu la kazi, nikalia. Sikulia kwa aibu ya watu. Nililia kwa sauti, kama siku ya msiba ambayo sikuweza. Miaka kumi na saba! Miaka kumi na saba nilimsimanga kwa ahadi aliyokuwa ameitimiza kabla sijatua mzigo, na jibu lilikuwa nyuma ya kabati langu mwenyewe, na yeye akacheka tu, akingoja nipime. Kwa nini hukusema, wewe mtu? Ungesema. Ningekuwa nimesikia. Ingawa kwa kweli, namna nilivyokuwa nauliza, hata mimi nisingejijibu.

Wifi alikuja akakaa kando yangu, akanishika bega.

Taratibu alisafisha kipande kilichoharibika. Kilikuwa kimepasuka urefu wa mtu mfupi, mzizi umelala ndani yake mzima. Alipumzika, akakohoa. "Sasa mama, kwa kuwa tumeshafukua. Mkitaka naweza kuwanyooshea. Nikipita chini ya kile chumba mara moja tu, hamtapata shida ya kona tena maisha yenu yote."

"Ukigusa kona hata moja," nilisema nikipangusa kamasi, "nitakushona mdomo. Badilisha kipande tu."

"Kipande tu," alikubali. "Nikate urefu gani?"

Nilinyanyuka. Bomba jipya lilikuwa limeegemezwa kwenye mpera, la kijivu, jepesi kuliko nilivyodhani. Nikalishika kwa ngumi ya kushoto kwenye ncha, nikafungua mikono yote miwili mpaka kifua kikavutana, nikaweka ya kulia pale ilipofika.

"Pima moja," nilisema. "Yangu."

Taratibu hakucheka. Akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio, akatia alama kando ya ngumi yangu. "Tuongeze shibiri?"

"Tuongeze."

Lakini sikulishusha mara moja. Nilibaki nimesimama hivyo, mikono wazi, uso kuelekea mlango wa chumba, na nikaona alichokuwa anakiona yeye asubuhi ile: mwanamke ameinamia kitambaa cheupe, hainui kichwa. Nikasema samahani. Nilisema kwa sauti.

"Unasema na nani?" aliuliza wifi.

"Na bomba."

Taratibu alikata kwa msumeno wa chuma, akalainisha kingo kwa msasa. Mzizi aliukata karibu na shina, akaupeleka mbali, akasema mpera utaishi ila usipewe tena nafasi, na upande huo akajenga kiukuta kifupi cha matofali. Akamwaga mchanga chini ili bomba lilale vizuri. Akapaka gundi, akavika soketi za kuungia ncha zote mbili, akasukuma, akashikilia huku akihesabu moyoni. Kisha akaweka pimamaji juu yake, tukainama watatu kutazama tone la hewa likitambaa ndani ya kioo. Lilisogea kidogo tu upande wa nyumba, maana yake maji yatakwenda upande wa pili. Akaitikia kwa kichwa kuridhika.

"Mwageni," alisema.

Wifi akaenda chooni. Tukasikia ndoo ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa nje, sikio karibu na ardhi kama nilivyomwona Taratibu akifanya, na nikayasikia yakija, mbali, madogo, yanazungumza chini ya udongo. Yakafika kona ya kwanza, yakasita, yakageuka. Nikainuka nikatembea nayo. Nilifuata ukuta wa chumba changu taratibu, mkono wangu juu ya tofali, na maji yananifuata au mimi nayafuata, tukapita dirisha, tukapita mahali ambapo ndani kuna cherehani, tukazunguka mwisho wa ukuta. Hayakugusa chumba popote. Pale chemba yakatokea, safi, yanang'aa, yakapita mbele ya macho yetu na kwenda zake.

"Ndoo ya pili?" wifi alipaza sauti kutoka ndani.

"Mwaga!" nilimjibu. "Mwaga hata kumi!"

Jioni tulifuta mstari wa chaki sakafuni kwa kitambaa chenye mafuta. Kabla ya kurudisha kabati nilimwomba Taratibu penseli yake. Chini ya mwandiko wa mume wangu, kwa herufi zangu ndogo za daftari la vipimo, niliandika: *Nimepima mwenyewe.* Halafu tukasukuma watatu, wifi akisimamia.

Kesho yake nilikuwa na kola mbili za kumaliza. Saa nane bati likaanza kulia kwa joto. Nililaza shavu mezani, dakika mbili tu, mguu wangu nimeuegemeza kwenye duara la goti lake. Akaja. Akasimama uani karibu na mpera, akafungua mikono. Nikaenda, nikijua atasogea pima moja mbele.

Hakusogea.